Vimeng'enya na Kulika kwa Gegedu katika Modeli za Wanyama za Osteoathritisi

Kulika kwa gegedu kwa vimeng'enya ni mchakato ambao protini zenye kazi ya kukata protini nyingine hulivunja gegedu linalofunika ncha za mifupa kwenye maungio. Mchakato huo ni kiini cha osteoathritisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi huueleza kwa kusema magoti yamesagika. Mwaka 2020 ulikadiriwa kuwapata watu milioni 595 duniani. Gegedu la mtu aliye hai haliwezi kukatwa vipande mara kwa mara ili kufuatilia ugonjwa unavyoendelea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya elimu kuhusu vimeng'enya hivyo imetoka kwa wanyama: sungura, panya, simbilisi, mbwa, kondoo, farasi na nyani.

Afrika Mashariki inahusika na elimu hiyo kwa mambo mawili. La kwanza ni utomvu wa mpapai, ambao katikati ya karne ya 20 ulikuwa bidhaa iliyouzwa nje kutoka Tanganyika, Uganda na Kongo. La pili ni wanyama pori wa ukanda huu ambao tishu zao huharibika polepole zaidi au hujirekebisha vizuri zaidi kuliko za panya wa maabara.

Gegedu la maungio

Gegedu la maungio ni tishu nyeupe, laini na yenye kuteleza. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu, na hulishwa na ute wa maungio unaolizunguka. Kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake ni maji. Seli zake ni chache sana, na ndizo zinazojenga kila kitu kingine kilichomo.

Nguvu ya gegedu hutokana na vitu viwili. Cha kwanza ni kolajeni ya aina ya II, nyuzi ngumu zilizosukwa wavu na ambazo ni zaidi ya asilimia 90 ya kolajeni yote ya gegedu. Cha pili ni agrekani, protini kubwa iliyobeba minyororo mingi ya sukari yenye chaji hasi. Minyororo hiyo huvuta maji, na agrekani hufura hadi pale wavu wa kolajeni unapoizuia, mithili ya pamba iliyoshindiliwa ndani ya foronya. Agrekani haielei ovyo: hushikamana na uzi mrefu wa hayaluronani na kubaki mahali pake. Mtu anapokanyaga, maji husukumwa. Anapoinua mguu, hurudi.

Vitu hivyo viwili havifanani katika uwezo wa kurudishwa. Seli za gegedu zinaweza kutengeneza agrekani mpya baada ya kupotea. Kolajeni ya mtu mzima karibu haibadilishwi kabisa: vipimo vya gegedu la binadamu vimekadiria kuwa nusu yake ingechukua zaidi ya miaka 100 kuondoka na kuwekwa nyingine. Kwa sababu hiyo watafiti huchukulia upotevu wa agrekani kuwa hatua inayoweza kurudi nyuma, na kukatika kwa kolajeni kuwa mwanzo wa uharibifu wa kudumu.

Vimeng'enya vinavyohusika

Makundi matatu ya vimeng'enya hutajwa zaidi.

Kolajenesi. Hizi ni sehemu ya familia ya MMP, vimeng'enya vinavyohitaji madini ya zinki ili vifanye kazi. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière huko Boston, Marekani, walipochunguza jinsi mkia wa kiluwiluwi unavyoyeyuka anapogeuka chura. Kolajenesi hukata uzi wa kolajeni mahali pamoja tu, na kuacha vipande viwili, kimoja cha robo tatu na kingine cha robo. Baada ya hapo uzi hulegea, na vimeng'enya vingine huumalizia. Katika osteoathritisi ile inayopewa uzito mkubwa ni MMP-13, ambayo hukata kolajeni ya aina ya II kwa kasi kuliko MMP-1.

Agrekanesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kuwa vipande vya agrekani vilivyomo katika ute wa magoti ya wagonjwa vilikatwa mahali ambapo MMP hazikati kwa kawaida. Kimeng'enya kingine kilikuwa kazini. Mwaka 1999 vilitambuliwa viwili, ADAMTS-4 na ADAMTS-5.

Kathepsini. Hizi hufanya kazi zaidi ndani ya seli na mahali penye asidi. Kathepsini D ilishukiwa sana katika miaka ya 1960 na 1970 kabla ya MMP kuchukua nafasi yake. Kathepsini K, ambayo huvunja mfupa, nayo imeonekana katika gegedu lenye ugonjwa.

Mwili una breki zake. Protini ziitwazo TIMP huzuia MMP, na TIMP-3 huzuia pia ADAMTS-4 na ADAMTS-5. Katika goti zima breki na vimeng'enya huwa sawa. Jeraha, uzito mkubwa, umri au saitokini za uvimbe kama IL-1 na TNF huivunja mizani hiyo: seli za gegedu zenyewe huanza kutoa vimeng'enya vingi kuliko breki. Osteoathritisi basi si kusagika tu kwa mfupa juu ya mfupa. Gegedu hulika kutoka ndani, kwa kazi ya seli zake lenyewe.

Papaini na mwanzo wa majaribio

Papaini ni kimeng'enya kilichomo katika utomvu mweupe wa papai bichi. Mpapai hupandwa karibu na nyumba katika sehemu nyingi za Tanzania, kuanzia pwani hadi vijiji vya kusini kama Namasakata mkoani Ruvuma, na wapishi wa mishkaki hulitumia papai bichi kulainisha nyama ngumu. Kazi inayofanyika hapo ni ileile ya kukata protini. Kwa biashara, papai bichi huchanjwa likiwa mtini, utomvu hukingwa, hukaushwa na kusagwa kuwa unga. Viwanda vya ng'ambo viliununua kwa ajili ya kulainisha nyama na kuondoa ukungu kwenye bia.

Kwa mwanabiolojia papaini ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa kathepsini B, L na K za mnyama ni za ukoo mmoja nayo. Mwaka 1956 daktari Lewis Thomas wa Marekani alichapisha taarifa kwamba sungura aliyedungwa papaini kwenye mshipa wa damu masikio yake yalilegea na kuanguka ndani ya saa chache. Gegedu lilikuwa limepoteza protini zake zenye sukari, huku nyuzi zikibaki. Baada ya siku kadhaa masikio yalisimama tena. Sungura waliopewa kotisoni hawakupona upesi. Jaribio hilo lilionyesha mambo mawili ambayo bado yanakubaliwa: gegedu linaweza kulegezwa na kimeng'enya bila kuuawa, na linaweza kujaza kilichopotea iwapo nyuzi zake hazijakatwa.

Thomas alishirikiana na Honor Fell wa maabara ya Strangeways mjini Cambridge, Uingereza, na mwaka 1960 walilinganisha athari za papaini na za vitamini A kwenye gegedu lililokuzwa nje ya mwili. Vitamini A nyingi ilileta matokeo yanayofanana na ya papaini, ingawa hakuna kimeng'enya kilichoongezwa kutoka nje. Hivyo fikra ikajengeka kwamba gegedu lina vimeng'enya vyake lenyewe vinavyosubiri kuamshwa.

Papaini ilitumika pia hospitalini. Ndugu yake, kimopapaini, ilidungwa katika diski za uti wa mgongo kuanzia miaka ya 1960 ili kuyeyusha diski iliyochomoza na kubana mshipa wa fahamu. Marekani iliidhinisha matibabu hayo mwaka 1982, lakini baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali, na baadaye dawa iliondolewa sokoni.

Aina za modeli

Modeli ya mnyama ni mnyama ambaye ugonjwa wake hufuatiliwa ili kueleza ugonjwa wa binadamu. Kwa osteoathritisi zipo aina nne kuu.

Modeli za sindano. Papaini hudungwa ndani ya goti la sungura au panya na kuondoa agrekani kwa siku chache. Kolajenesi ya bakteria hudungwa kwa vipanya wa maabara. Hulegeza kano za goti, na goti lisilotulia huharibu gegedu. Sumu iitwayo iodoasetati huua seli za gegedu kwa kuzuia hatua ya uvunjaji wa sukari, na hutumika zaidi kuchunguza maumivu kwa panya. Modeli hizi ni za haraka na nafuu. Kasoro yake ni kwamba kimeng'enya au sumu imetoka nje, hivyo hazifai kujibu swali la nani hasa huanzisha ugonjwa.

Modeli za upasuaji. Mwaka 1973 Pond na Nuki walieleza mbwa waliokatwa kano mtambuka ya mbele ya goti, jeraha linalofahamika sana kwa wacheza mpira wa miguu. Mwaka 2007 Sonya Glasson na wenzake walieleza upasuaji mdogo zaidi kwa vipanya, wa kukata kano inayoshikilia meniski ya upande wa ndani. Upasuaji huo, unaofupishwa DMM, umekuwa kipimo kinachotumika katika maabara nyingi kwa sababu ugonjwa huja polepole, kwa wiki kadhaa, na unafanana na ule wa mtu aliyewahi kuumia goti.

Modeli za kujitokea. Simbilisi wa aina ya Dunkin-Hartley huanza kuonyesha mabadiliko kwenye magoti wakiwa na umri wa miezi 3 hivi, bila kudungwa wala kupasuliwa. Ugonjwa huanzia upande wa ndani wa goti kama kwa binadamu, na huongezeka kwa simbilisi wazito. Waliopunguziwa chakula hupata nafuu. Mnyama huyu hufugwa kwa nyama katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na huko Kivu, ambako huitwa dende. Kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C, ambayo inahitajika katika kutengeneza kolajeni. Ilidhaniwa kwamba kumpa nyingi kungemkinga. Utafiti wa Virginia Kraus na wenzake wa mwaka 2004 ulionyesha kinyume, kwamba kiwango kikubwa kwa muda mrefu kilizidisha ugonjwa.

Modeli za kubadili jeni. Hizi ndizo zilizotoa ushahidi wa wazi kuhusu kimeng'enya kipi hufanya nini. Mwaka 2001 vipanya waliowekewa MMP-13 ya binadamu iliyo kazini muda wote ndani ya gegedu walipata ugonjwa unaofanana na osteoathritisi. Mwaka 2005 makundi mawili, la Glasson nchini Marekani na la Heather Stanton na Amanda Fosang mjini Melbourne, Australia, yalichapisha kwa pamoja kwamba vipanya wasio na ADAMTS-5 inayofanya kazi walikingwa. Kundi la kwanza lilitumia goti lililopasuliwa, la pili goti lenye uvimbe. Kuondoa ADAMTS-4 pekee hakukuwa kumeleta kinga hiyo. Mwaka 2009 Christopher Little na wenzake waliondoa MMP-13: agrekani iliendelea kupotea baada ya upasuaji, lakini gegedu halikupoteza umbo lake. Matokeo hayo yaliupa mchakato mpangilio wake, agrekanesi kwanza, kolajenesi baadaye.

Wanyama wa Afrika Mashariki

Nyani wana thamani katika uwanja huu kwa kuwa hupata osteoathritisi ya goti wenyewe wanapozeeka, na wako karibu na binadamu kimaumbile kuliko panya. Utafiti mwingi wa magoti yao umefanywa kwa nyani wanaotunzwa mjini San Antonio, Texas. Mifupa ya sokwe waliokufa katika hifadhi ya Gombe, mkoani Kigoma, imechunguzwa na Robert Jurmain, aliyeripoti mwaka 1989 kwamba uchakavu wa maungio na uti wa mgongo kwa sokwe hao ulikuwa mdogo ukilinganishwa na wa binadamu. Mifupa haihifadhi vimeng'enya, lakini inaonyesha kwamba umri peke yake hautoshi kueleza ugonjwa.

Fuko uchi, anayeishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, huishi zaidi ya miaka 30, ilhali kipanya wa maabara huishi miaka 2 au 3. Mwaka 2013 kundi la Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lilieleza kwamba hayaluronani ya fuko huyu ina molekuli kubwa zaidi ya mara 5 kuliko ya binadamu au kipanya. Sababu moja ni kwamba vimeng'enya vyake vya kukata hayaluronani hufanya kazi kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliongeza kwamba goti la fuko uchi lililojeruhiwa hustahimili osteoathritisi kuliko la kipanya.

Panya-miiba wa Kenya walichunguzwa na Ashley Seifert, akishirikiana na Stephen Kiama, wakati huo mhadhiri wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzao. Kazi yao ya Laikipia ilichapishwa mwaka 2012. Ngozi ya panya hawa hunyofoka kwa urahisi mnyama anapokamatwa, kisha huota upya. Tundu la milimita 4 lililotobolewa sikioni huziba pamoja na ngozi, vinyweleo na gegedu jipya, jambo ambalo kipanya wa kawaida hawezi. Gegedu la sikio ni la aina tofauti na lile la goti, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwenye goti moja kwa moja. Yameonyesha hata hivyo kwamba mamalia mzima anaweza kujenga gegedu upya.

Upimaji

Gegedu la mnyama wa modeli hukatwa tabaka nyembamba na kutiwa rangi iitwayo safranini O, ambayo hung'ang'ania sukari za agrekani. Sehemu yenye agrekani huwa nyekundu. Iliyopoteza huwa hafifu. Madaraja ya ugonjwa hutolewa kwa mizani iliyopangwa, ya zamani zaidi ikiwa ya Henry Mankin na wenzake ya mwaka 1971. Mwaka 2010 jumuiya ya kimataifa ya utafiti wa osteoathritisi, OARSI, ilitoa miongozo ya kila mnyama peke yake: kipanya, panya, simbilisi, sungura, mbwa, kondoo na mbuzi, na farasi.

Njia ya pili ni kutumia kingamwili zinazotambua ncha mpya zinazobaki baada ya kukata. Kwa kuwa agrekanesi na MMP hukata agrekani mahali tofauti, kila kimoja huacha alama yake, na mtafiti anaweza kusema ni kimeng'enya kipi kilipita. Vipande hivyo hupimwa pia katika damu, mkojo na ute wa maungio.

Kutoka kwa mnyama hadi kwa mgonjwa

Mafanikio kwa wanyama hayajawa dawa kwa watu. Doksisaiklini, kiuavijasumu kinachofahamika katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, huzuia MMP kwa njia ya pembeni. Mwaka 1992 ilipunguza sana vidonda vya gegedu kwa mbwa waliokatwa kano. Katika jaribio la watu 431, wote wanawake wenye unene uliozidi, matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba nafasi ya goti ilipungua kwa kiasi kidogo zaidi kwa waliomeza dawa, lakini maumivu hayakutofautiana na ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Vizuizi vya MMP vya jumla vilileta maumivu na ukakamavu wa viungo kwa wagonjwa, pengine kwa sababu vimeng'enya hivyo vina kazi za kawaida mwilini.

Baada ya matokeo ya mwaka 2005 macho yalielekezwa kwenye ADAMTS-5. Kingamwili moja dhidi yake ilionyesha kuathiri moyo na shinikizo la damu kwa makaku wa maabara. Kidonge cha GLPG1972, kilichotengenezwa na kampuni za Galapagos ya Ubelgiji na Servier ya Ufaransa, kilijaribiwa kwa watu 932 kwa wiki 52. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba hakikuzuia gegedu la goti kupungua unene.

Sababu kadhaa hutajwa. Gegedu la goti la binadamu lina unene wa milimita 2 hivi au zaidi, la kipanya ni sehemu ndogo ya milimita moja, na hilo hubadilisha jinsi mzigo unavyobebwa na jinsi dawa inavyopenya. Kipanya hutegemea zaidi ADAMTS-5. Majaribio kwenye gegedu la binadamu nje ya mwili yameonyesha kwamba ADAMTS-4 nayo ina mchango. Mnyama hupewa dawa siku ya jeraha au karibu nayo, akiwa kijana. Mgonjwa huja kliniki baada ya miaka, agrekani ikiwa imekwisha pungua na kolajeni imeanza kukatika. Isitoshe, maumivu ya mgonjwa hutoka pia kwenye mfupa na utando wa maungio, ambako vimeng'enya vya gegedu si chanzo pekee.

Maadili na sheria

Matumizi ya wanyama katika utafiti huongozwa na kanuni tatu zilizowekwa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959: kutumia njia mbadala inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza mateso yao. Kwa osteoathritisi kanuni ya tatu ni ngumu, kwa kuwa maumivu ni sehemu ya ugonjwa unaochunguzwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayogusa pia wanyama wa utafiti. Njia mbadala zinazotumika ni vipande vya gegedu vilivyobaki baada ya upasuaji wa kubadilisha goti, na magoti ya ng'ombe kutoka machinjioni.

Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuzuia vimeng'enya visile gegedu la binadamu. Matibabu yaliyopo ni kupunguza uzito, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, dawa za maumivu, na kwa goti lililoharibika kabisa, kubadilishwa kwa upasuaji, unaofanywa nchini Tanzania katika hospitali kubwa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili mjini Dar es Salaam.